Mwano Ndani ya Tezi: Saitokini, Vumbi la Mwamba na Kifua Kikuu kwa Wachimbaji wa Rwamgasa

Mchimbaji anayefika zahanati akitokea machimbo ya Rwamgasa, wilayani Geita, akiwa na kikohozi cha wiki tatu, mara nyingi huwa ameshaupa ugonjwa wake jina kabla hajapimwa. Atasema ni vumbi la duara, au atasema ni kifua kikuu. Wenzake machimboni nao hugawanyika hivyo hivyo, na hata baadhi ya watoa huduma huyachukulia majibu hayo mawili kuwa yanafukuzana: palipo na vumbi hapana TB, na palipo na TB vumbi halina neno. Elimu ya kinga ya mwili haikubaliani na mgawanyo huo. Vumbi la mwamba na kimelea cha kifua kikuu huingia kwa njia moja, humezwa na seli zile zile, huishia katika tezi zile zile, na huvuruga mawasiliano yale yale. Kuyaelewa mawasiliano hayo humsaidia mtoa huduma kuuliza maswali yanayostahili, na humsaidia mgonjwa kuelewa kwa nini anatakiwa kutoa makohozi hata kama ana hakika kwamba kinachomsumbua ni vumbi.

Wajumbe wa mawasiliano hayo huitwa saitokini.

Vumbi lenyewe

Rwamgasa, ambayo taarifa nyingi za kigeni huiandika Rwamagasa, ni miongoni mwa machimbo ya wachimbaji wadogo yanayojulikana sana katika ukanda wa dhahabu ulioko kusini mwa Ziwa Victoria. Dhahabu ya ukanda huo hupatikana kwa kiasi kikubwa ndani ya mishipa ya mwamba mgumu wenye kwazi, na kwazi ni silika iliyo katika umbo la fuwele. Ili kuipata, mwamba hupasuliwa ndani ya maduara, hupandishwa juu ndani ya magunia, hupondwa kwa nyundo, kisha husagwa kwenye makarasha hadi uwe unga. Kila hatua hutoa vumbi. Vumbi lile linaloonekana, ambalo huwafanya wachimbaji wafanane na watu waliopakwa majivu, silo la hatari zaidi. Sehemu yake kubwa hunaswa puani na kooni, ikatoka pamoja na kamasi. La hatari ni lile lisiloonekana: chembe ambazo upana wake hauzidi elfu chache za milimita. Hizo hupita vizuizi vyote na kutua ndani kabisa ya mapafu, katika vifuko vya hewa ambako damu hupokea oksijeni.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya hewa wanayovuta wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania. Chini ya ardhi, wastani wa silika laini ya kuvutwa ulikuwa miligramu 16.85 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, mara 337 ya kiwango cha miligramu 0.05 kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini. Juu ya ardhi wastani ulikuwa miligramu 0.19, karibu mara nne ya kiwango hicho. Takwimu ya kwanza hushtua kila anayeisoma. Ya pili ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu inawahusu watu ambao hawajihesabu kuwa wachimbaji: wanawake wanaoponda mawe kivulini, vijana wanaolisha karasha, na mama lishe anayepika hatua chache kutoka hapo huku mtoto akiwa mgongoni.

Namna seli zinavyoitana

Wasukuma na Wanyamwezi wanaujua mwano, ule ukelele wa hatari unaopigwa ng'ombe wanapoibwa. Anayeusikia huacha alichokuwa akifanya, huchukua silaha yake, na kuupokeza kwa majirani walio mbele. Sungusungu, walioibuka Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliutegemea mwano kabla ya simu kufika vijijini. Saitokini ni mwano wa mwili. Ni protini ndogo ambazo seli moja huzitoa ili kuiambia seli nyingine jambo: njoo huku, ongezeka idadi, tengeneza silaha ya aina hii, au sasa inatosha, tulia.

Mfano huo una mpaka wake, na mpaka wenyewe una mafunzo. Mwano husikiwa na kila mwenye masikio. Saitokini husikiwa tu na seli iliyo na kipokezi chake juu ya ngozi yake ya nje. Seli isiyo na kipokezi cha intaferoni-gama inaweza kuzungukwa na intaferoni-gama tele isitikisike. Tena, ujumbe mmoja huweza kuwa na maana tofauti kwa wasikilizaji tofauti: TNF ile ile inayoiamsha seli ya ulinzi hufungua kuta za mishipa midogo ya damu ili askari wapite, na ikifika kwenye ubongo na misuli kwa wingi huleta homa na kukonda.

Saitokini inaposhikana na kipokezi chake, habari huingia ndani ya seli kwa kupokezana. Kwa saitokini nyingi, zikiwemo intaferoni na intalukini kadhaa, vimeng'enya vya jamii ya JAK vilivyoshikamana na mkia wa kipokezi huamshwa, navyo huziamsha protini za jamii ya STAT. Hizi huungana mbili mbili, huingia kwenye kiini cha seli, na kuwasha jeni zinazohusika. Kutoka mlio hadi jeni kuwaka ni suala la dakika. Papo hapo seli huanza kutengeneza protini nyingine za kuuzima mlio huo, kwani mwili unajua kwamba mwano usiokoma ni hasara kwa mji wenyewe.

Uwanja ambapo mwano huu husikilizwa na kupangwa ni viungo vya limfu. Katika uboho wa mifupa na katika tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, limfosaiti changa hulelewa. Intalukini-7 ndiyo inayoziambia ziendelee kuishi, na zikiikosa hufa. Zikishakomaa, huhamia katika wengu (bandama), mafindofindo ya kooni, mabaka ya ukuta wa utumbo, na mamia ya tezi za limfu zilizotawanyika mwilini, zile ambazo zikivimba kinenani watu huziita mitoki. Tezi hizo si mifuko mitupu. Zina mitaa: mtaa wa limfosaiti B na mtaa wa limfosaiti T. Mitaa hiyo hudumishwa na saitokini za aina ya kemokini, ambazo kazi yake ni kuelekeza njia. Seli T inayozunguka katika damu hufuata harufu ya kemokini hadi kwenye tezi, huingia, hukaguakagua kwa saa kadhaa kama kuna habari inayoihusu, na isipoipata hutoka kwenda tezi nyingine. Kwa namna fulani tezi ya limfu ni gulio: wenye habari na wenye kuitafuta hukutana mahali pamoja, la sivyo wangetafutana mwili mzima bila kuonana.

Kimelea cha TB kinapokutana na mwano

Kimelea cha kifua kikuu kikivutwa hadi kwenye kifuko cha hewa, humezwa na makrofaji, yaani seli mlaji inayolinda hapo. Vimelea vingi vikimezwa hufa. Hiki hakifi kirahisi. Hujificha ndani ya kijifuko kile kile kilichokusudiwa kukiua, na hata huzaliana humo. Kwa majuma ya mwanzo mwili unaweza usijue.

Mabadiliko huanza pale seli za dendriti zinapobeba vipande vya kimelea hadi kwenye tezi za limfu zilizo kwenye mzizi wa mapafu. Huko huvionyesha kwa limfosaiti T na wakati huo huo hutoa intalukini-12. Seli T ya CD4 iliyotambua kipande hicho na kusikia intalukini-12 huwa imepata amri kamili. Hujigawa, intalukini-2 ikiichochea, hadi liwe jeshi. Kisha jeshi hilo huacha tezi na kurudi mapafuni. Likifika hutoa intaferoni-gama, na hapo makrofaji iliyokuwa imekalia kimelea bila kukiweza hubadilika: hukitia tindikali, hukinyima virutubisho, hukishambulia kwa sumu. TNF nayo huzikusanya seli na kuzipanga kuwa kifundo kinachokizunguka kimelea pande zote. Kazi hii yote, kuanzia kuvuta kimelea hadi kinga kuonekana kwenye kipimo cha ngozi, huchukua kati ya wiki mbili na nane hivi.

Kipimo hicho cha ngozi, kinachojulikana kwa wengi kama Mantoux, ni saitokini zinazoonekana kwa macho. Protini za kimelea hudungwa ndani ya ngozi ya mkono. Kama mwilini mna seli T zinazozikumbuka, hukusanyika hapo na kupiga mwano, na baada ya saa 48 hadi 72 huonekana kivimbe kigumu kinachopimwa kwa rula. Kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofika sana, kivimbe huweza kisitokee hata kama ana kimelea. Ukimya huo hautokani na kukosekana kwa adui.

Kwamba saitokini hizi ndizo zinazoshika kimelea kifungoni, si nadharia tu. Mwaka 1996 watafiti walieleza juu ya watoto waliozaliwa na hitilafu katika kipokezi cha intaferoni-gama. Baadhi yao waliugua vibaya kutokana na chanjo ya BCG, ile ile ambayo mamilioni ya watoto wachanga, wakiwemo wa Tanzania, huipokea bila madhara makubwa. Walikuwa na seli, walikuwa na intaferoni. Kilichokosekana ni sikio. Miaka mitano baadaye, mwaka 2001, ilitolewa taarifa ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia infliximab, dawa ya baridi yabisi na ya ugonjwa wa utumbo inayoizima TNF. Wengi wao waliugua katika miezi michache ya mwanzo. Inaaminika kuwa kimelea kilikuwa kimelala ndani yao, na TNF ndiyo iliyokuwa kufuli.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa kimelea cha TB, na kwamba kati yao ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua maishani. Waliobaki hulindwa na kufuli hiyo. Dalili za wale wanaougua nazo ni lugha ya saitokini: intalukini-1, intalukini-6 na TNF hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo hupandisha joto la mwili jioni, hupunguza hamu ya chakula, na mwili huanza kula misuli yake. Wanasayansi waliotafuta kitu kinachowakondesha wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu walikipa jina la kakektini. Mwaka 1985 ikabainika kwamba kakektini na TNF ni kitu kimoja. Mgonjwa anayekonda akidhani amelogwa anaweza kuelezwa hivyo bila kudhihakiwa: ni mwili wake mwenyewe unaopigana, na gharama ya vita hulipwa kwa nyama.

Silika inapoingia katika mwano huo

Makrofaji haichagui sana. Chembe ya silika ikitua kwenye kifuko cha hewa, nayo humezwa. Tofauti ni kwamba silika haiwezi kumeng'enywa. Ni jiwe. Ncha zake na uso wake hukichana kile kijifuko cha ndani kilichoimeza, na vimeng'enya vikali vilivyokuwamo humwagika ndani ya seli. Mwaka 2008 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kinachofuata: umwagikaji huo huamsha mtambo wa protini uitwao inflamasomu ya NLRP3, na mtambo huo hukamilisha na kuachia intalukini-1 beta, mojawapo ya saitokini zenye sauti kubwa kuliko zote. Makrofaji yenyewe hufa. Ikifa, jiwe hubaki huru, na makrofaji nyingine hulimeza, nayo hufa. Chembe moja huweza kuua mlinzi baada ya mlinzi.

Hali hii ni mwano unaopigwa mchana na usiku bila mwizi kuwapo. Seli zinaendelea kuitwa, tishu zinawaka, na mwili unapojaribu kutuliza hali hutumia saitokini ya kuponya, TGF-beta, inayoziamuru seli za fibroblasti kufuma nyuzi za kovu. Kovu juu ya kovu hujenga vinundu vigumu, hasa katika sehemu za juu za mapafu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa. Tena hauhitaji mchimbaji awepo machimboni ili uendelee: aliyeacha kazi miaka mingi iliyopita akawa mkulima wa mpunga bado ana mawe kifuani, na mawe hayo bado yanaua makrofaji.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba chembe hizi hazibaki mapafuni. Seli zinazozibeba hupitia mishipa ya limfu na kuzifikisha kwenye tezi za mzizi wa mapafu, pale pale ambapo seli T hufundishwa kuhusu TB. Tezi hizo huanza kuwa na makovu, mara nyingine kabla mapafu yenyewe hayajaonyesha kitu kwenye eksirei. Katika baadhi ya wagonjwa wa silikosisi, ukingo wa tezi hujaa chokaa na kuonekana kwenye picha kama ganda la yai. Gulio limejengewa ukuta. Wataalamu wengi hudhani kwamba tezi ya namna hiyo huondoa uchafu na vimelea kwa uzito na huratibu kinga kwa shida, ijapokuwa ushahidi wa moja kwa moja kwa binadamu ni mchache kuliko ule wa wanyama wa maabara. Kwa upande wa makrofaji, ushahidi ni imara zaidi: seli iliyoshiba silika hushindwa kukizuia kimelea cha TB kama inavyostahili.

Hivyo mchimbaji huwa na mambo mawili kwa wakati mmoja ambayo kwa mtazamo wa haraka hayapatani: kelele nyingi mno za saitokini, na ulinzi hafifu. Kelele si nguvu. Ujumbe unaosikika kifuani mwake ni wa intalukini-1 na TGF-beta, wa mwako na kovu. Ujumbe anaouhitaji, ule wa intaferoni-gama unaofika kwa makrofaji hai na yenye afya, hupotea katikati.

Matokeo yake yalionekana mapema kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako wachimbaji wenye silikosisi walipata TB takriban mara tatu ya wenzao wasio nayo. Mwaka 2000 utafiti mwingine wa nchi hiyo ulionyesha kwamba hatari ya silikosisi na hatari ya Virusi vya UKIMWI hazijumlishwi bali huzidishana. Jambo hilo linaeleweka mtu akirudi kwenye tezi: silika humharibu mpokea amri, yaani makrofaji, ilhali VVU humwangamiza mtoa amri, yaani seli T ya CD4. Machimbo ni mahali penye vijana wengi waliotoka mikoa mbalimbali, wenye fedha za ghafla na walio mbali na familia zao. Mtoa huduma wa Geita hahitaji kukumbushwa kwamba hatari zote mbili huweza kumkuta mtu mmoja.

Kuna hali nyingine ya tezi inayowatisha wagonjwa bila sababu. Mtu mwenye VVU na TB anapoanza dawa za ARV, baada ya wiki chache tezi za shingo huweza kuvimba, homa ikarudi, kikohozi kikazidi. Wengine huacha dawa wakiamini zinawaua. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba seli T zimerudi na zimeanza tena kupiga mwano dhidi ya kimelea kilichokuwa kimekaa kimya. Mgonjwa anapaswa kurudi kituoni ili achunguzwe, maana usugu wa dawa nao huweza kuonekana hivyo. Asiache dawa kwa uamuzi wake.

Vidonge vinavyouzima mwano

Katika maduka ya dawa yaliyo jirani na machimbo mengi, mtu anayebanwa na kifua huweza kuuziwa prednisolone au deksamethasoni bila cheti. Baada ya siku mbili anajisikia vizuri: pumzi inafunguka, homa inashuka, hamu ya kula inarudi. Dawa hizi hufanya hivyo kwa kuzima jeni za saitokini nyingi kwa mpigo, zikiwemo TNF na intaferoni-gama. Kwa mwenye TB ambayo haijagunduliwa, nafuu hiyo ni sawa na kumfungulia kimelea mlango huku mlinzi akiwa amelala.

Si kwamba dawa hizi ni mbaya. Mwaka 2020, jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni, kwa sababu wengi wao waliuawa na wingi wa mwako kuliko kirusi chenyewe. Katika TB ya utando wa ubongo hutolewa pia, pamoja na dawa za TB, kupunguza uvimbe ndani ya fuvu. Uzito wa jambo uko kwenye maneno hayo, pamoja na dawa za TB. Anayemwandikia mchimbaji anayekohoa vidonge hivi kabla ya makohozi yake kupimwa anacheza kamari na kufuli ya mtu mwingine.

Zebaki inahitaji kutajwa, kwa kuwa Rwamgasa imejulikana duniani kwayo zaidi kuliko kwa vumbi. Katika utafiti wa kiafya uliofanyika chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki wa UNIDO, walipimwa watu 180 wa Rwamgasa na 31 wa Katoro kwa ulinganisho. Kati ya wachomaji 99 wa mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, 25 walikuwa na sumu ya zebaki ya kudumu. Madhara yake makuu ni ya mishipa ya fahamu na figo. Hata hivyo uchunguzi wa wachimbaji wa Amazon, nchini Brazili, uliona katika damu yao ongezeko la saitokini za mwako pamoja na kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe. Kwa swali la TB, vumbi ndilo lenye ushahidi mzito. Zebaki ina kesi yake.

Mbele ya mgonjwa

Kutokana na hayo yote, swali la kwanza kwa mtu mzima anayekohoa katika ukanda huu linapaswa kuwa la kazi, si kazi ya leo pekee bali ya maisha yake: amewahi kushuka duarani, kupasua mwamba, kuponda mawe au kufanya kazi kwenye karasha, na kwa miaka mingapi? Jibu liandikwe kwenye kadi au faili. Mgonjwa asiyeulizwa naye aseme mwenyewe.

Swali la pili ni makohozi. Vinundu vya silikosisi na vidonda vya TB hupenda sehemu zile zile za juu za mapafu, kwa hiyo eksirei peke yake huweza kudanganya upande wowote. Wapo wachimbaji waliomaliza dawa za TB mara mbili au tatu kwa sababu ya picha ambayo haikusafika, na picha haitasafika kamwe kwa kuwa kovu halifutiki. Na wapo walioambiwa ni vumbi hadi siku walipotapika damu. Kipimo cha vinasaba vya kimelea, maarufu kama GeneXpert, hukata shauri kwa wengi wao na huonyesha pia kama kimelea ni sugu kwa rifampicin. Majibu yakiwa hasi na dalili zikaendelea, makohozi yarudiwe. Mtu mwenye silikosisi iliyothibitika ambaye hana TB hai yumo katika makundi ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri yapimwe maambukizi yaliyolala na kupewa dawa kinga. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, iliyoanza kama kituo cha wagonjwa wa TB mwaka 1926, imekuwa ikiwahudumia na kuwachunguza wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani wenye magonjwa haya mawili kwa pamoja, na uzoefu wake unafaa kuigwa kanda ya Ziwa.

Mchimbaji aliyekutwa na TB hutibiwa bure kwa dawa zile zile za kawaida, lakini akiwa na silikosisi daktari anaweza kuona haja ya kurefusha muda wa matibabu, kwa kuwa ndani ya makovu dawa hupenya kwa shida na makrofaji haisaidii sana. Aliye katika hali hiyo asione kwamba ameadhibiwa kwa miezi ya ziada. Waliolala naye chumba kimoja, na hasa watoto walio chini ya miaka mitano, waletwe wachunguzwe.

Kuhusu vumbi, kitambaa kinachofungwa puani hakizuii chembe zinazofika kwenye vifuko vya hewa. Huzuia zile kubwa ambazo pua ingezizuia yenyewe. Maji hufanya kazi kubwa zaidi: kulowesha uso wa mwamba kabla ya kupasua, kunyunyizia mawe kabla ya kuponda, kusaga ukiwa umelowa. Karasha liwekwe mbali na makazi na upande ambao upepo hauelekei kwenye nyumba, na nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya chumba wanamolala watoto. Aliyekwisha vuta vumbi kwa miaka mingi hana namna ya kuyatoa mawe yaliyoko kifuani na kwenye tezi zake. Kwake, kikohozi kipya kinachozidi wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, hata ikiwa ni miaka kumi tangu alipoacha duara, ni sababu ya kwenda kutoa makohozi wiki hiyo hiyo.